Kadi Isiyo na Alama

Mwaisha binti Kondo alishadanganywa mara moja, mchana kweupe, tena kwa kipaza sauti. Ilikuwa siku ile wakubwa waliposimama mbele ya kiwanda cha nguo, kiwanda alichokitumikia miaka kumi na tisa, wakasema kimepata mwekezaji, msiwe na wasiwasi, kazi zitaongezeka na kila mtu atapata haki yake. Watu wakapiga makofi. Mwaisha naye, maskini, akapiga makofi. Miezi sita baadaye geti lilikuwa na mnyororo, na kiinua mgongo kikaja nusu, tena kwa mafungu. Tangu hapo, ukimwambia Mwaisha kwamba jua limechomoza, anatoka nje kwanza akatazame.

Na kazi yake yenyewe ilikuwa ya kushuku. Alikuwa mkaguzi wa vitambaa. Kitambaa kinapita juu ya meza ya kioo, taa inawaka chini yake, na yeye macho kodo. Akiona uzi umekatika au rangi imeruka, anagonga chaki nyekundu pembeni, na hapo hapana wa kubisha. Mwanamke amelipwa miaka kumi na tisa kutafuta kasoro, halafu unataka arudi mtaani aache? Thubutu!

Kwa fungu la kwanza la kiinua mgongo alifungua chumba cha gemu pale mtaa wa Mji Mpya: televisheni mbili, mashine mbili za kuchomeka, dakika kumi shilingi mia. Watu walimcheka, mama mtu mzima, kanga kiunoni, anauza mpira wa kwenye televisheni. Vicheko viliisha walipoiona foleni. Foleni ikadumu miaka mitano. Halafu, mwaka 2004, jamaa mmoja akafungua chumba chake mtaa wa Mafiga akaweka kompyuta, na ndani ya kompyuta kuna mpira ambao wachezaji wanatoka jasho mpaka unaliona. Haikupita wiki mbili, vijana wote wakahamia huko.

Mwaisha alikuwa amebakiwa na fungu la mwisho, laki nne na nusu. Nyuma yake hakuna kitu. Kompyuta ya kuchezea mpira ule, ukiikuta imekamilika dukani, ilikuwa laki nane na zaidi. Kwa pesa yake ilibidi aiungeunge: anunue kipande hiki hapa na kile kule, ampe fundi aviunganishe. Ikitengemaa, chumba kinapona. Isipotengemaa, ni kupanda gari la ndizi kurudi kijijini Mkuyuni kwa kaka yake Mwinjuma, akapewe ngwe ya kulima na kuambiwa "nilikwambia" kila asubuhi. Na fundi aliyekuwa akimjua alikuwa mmoja tu. Kwa hiyo mambo yote yalikuwa hapo: amwamini Yeremia, au asimwamini.

Yeremia alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta Msamvu, nyuma ya stendi. Kijana wa miaka thelathini hivi, Mnyamwezi wa Tabora. Alikuja kusoma chuo cha Mzumbe, ada ikamshinda, akabaki na bisibisi. Sasa Mnyamwezi na Mluguru ni watani, jambo hilo halina mjadala, na hawa wawili waliufanya utani wao kama watu wanaolipwa mshahara. Mtani hakasirikiwi. Mtani akikukamatia kuku wako, unacheka na kumtafutia kamba ya kumfungia.

"Mtumwa wangu," Yeremia alisema alipoelezwa shida, "Waluguru na kompyuta wapi na wapi? Nyie si wa kupanda milima tu, mguu mmoja mrefu mmoja mfupi?"

"Nyamaza, mpagazi wewe! Kichwa kilivyo bapa hicho, babu yako alibeba pembe ngapi za ndovu?"

Walipokwisha kutukanana wakaanza kazi. Yeremia akaandika kwenye karatasi vipande saba: prosesa, ndiyo ubongo, mazabodi, ule ubao ambao kila kitu kinakaa juu yake, ramu ya kumbukumbu ya muda, hadi-diski ya kuhifadhia, pawa saplai ya kugawa umeme, kasha, na kadi ya picha.

"Hiyo ya mwisho ndiyo inayotoa jasho la wachezaji," alisema. "Kwingine tutabana. Prosesa tutachukua ya mtumba, kasha hata lililobonyea. Lakini kwenye kadi usilete ubahili wenu wa kuuza ndizi."

Machale yakamcheza Mwaisha papo hapo. Kwa nini kadi? Kwa nini asibane kwenye kipande chenye bei kuliko vyote? Regina, jirani yake anayekaanga mihogo mlangoni pa chumba cha gemu, alikuwa ameshamtahadharisha. Mafundi wote, kwa maneno ya Regina, wana cha juu chao kwa wenye maduka. Tena mali yako ikishafika mkononi mwao wanang'oa kizima wanakuwekea kibovu.

"Utajuaje, shoga yangu?" Regina aliuliza. "Huko ndani kwenyewe unakujua?"

Swali hilo lilimkaa Mwaisha rohoni kama mwiba wa samaki.

Jumatatu wakaenda Dar es Salaam, Kariakoo, asubuhi hadi alasiri. Yeremia anataja sifa, Mwaisha ananusa. Ndiyo, ananusa! Kila kipande alikipeleka puani kutafuta harufu ya moshi. Alikwangua lebo kwa ukucha aone kama kuna lebo nyingine chini. Mazabodi aliiinua akaielekeza kwenye mwanga kama kitambaa, muuzaji akabaki mdomo wazi. Kwenye duka la tatu walifukuzwa. Lakini usimcheke, maana alikataa ramu mbili, na zote mbili Yeremia mwenyewe alikiri baadaye zilikuwa mbovu.

Kasheshe likawa kwenye kadi ya picha. Walikuwa kwa mfanyabiashara aitwaye Said, kanzu nyeupe, ulimi wa asali, aliyewakaribisha chai kabla hata hawajasema wanachotaka. Said akatoa kadi kubwa, nzito, ina feni la kuzunguka na bati la rangi ya dhahabu. Yeremia hakuitaka. Alitaka wavuke barabara, kwa muuzaji mwingine aliyemwona asubuhi, ambako kulikuwa na kadi nyembamba, yenye sura mbaya, haina hata boksi. Bei zilikuwa sawa.

Mwaisha akaipima ile ya Said mkononi. Nzito! Na yule wa ng'ambo, je, si alimwita Yeremia kwa jina walipopita? Wanajuana wale. Cha juu kiko pale, akasema moyoni, ndiyo maana miguu inamwasha kuvuka.

"Nachukua hii," akasema.

"Mtani," Yeremia akasema, "hiyo imeshakufa ikafufuliwa. Imeoshwa ikavalishwa dhahabu. Inunue, ikifa tena nitakuja kuizika mwenyewe, na wali wa msiba nitaula wote."

Mwaisha akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Said naye akacheka, na alicheka kwa nguvu kuliko wote. Kumbe Yeremia alikuwa anasema kweli tupu! Lakini wee, mtani akisema nani anapima? Miaka kumi na tisa Mwaisha ameona vitambaa hafifu vikipakwa wanga ili vionekane vizito, akavikataa kwa mamia. Siku hiyo uzito ukamchota mzimamzima. Mchagua nazi hupata koroma.

"Siku saba, mama," Said akasema akimpa risiti. "Ikikusumbua, irudishe." Mwaisha akaikunja risiti akaitia kifuani.

Kurudi, basi lilisimama Mikese. Yeremia akashuka kununua mahindi ya kuchoma. Mwaisha akaona hapo hapo ndipo. Akatoa kwenye mkoba kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, akafungua maboksi mapajani, na kila kipande akakitia nukta moja kwenye ukingo. Vipande saba, nukta saba. Abiria wa pembeni alimtazama, akaamua kutazama dirishani. Yeremia aliporudi na mahindi mawili, Mwaisha akapokea lake akamshukuru, mtu mwema kabisa.

Jumanne alikaa kwenye kigoda kibandani kwa Yeremia akimtazama akiunganisha. Kuanzia asubuhi mpaka alasiri hakwenda hata msalani. Kompyuta ikawaka. Yeremia akasema aiachie ilale ikifanya kazi, apime inavyovumilia joto. Mwaisha hakupenda, lakini angefanyaje? Akaenda nyumbani, usingizi haukuja.

Jumatano kompyuta ikafika Mji Mpya na ikacheza, jamani! Jasho la wachezaji lilionekana mpaka kwenye shingo. Alhamisi foleni ikafika kwenye karai la Regina. Mwaisha aliwanunulia mihogo watu wanne, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akajisikia mwepesi. Na Yeremia akija kutazama anatukanwa kwa mapenzi yote, naye anatukana, vijana wanashangilia.

Ijumaa asubuhi Regina akapita na karai lake akauliza, "Umeshafungua kuangalia?"

Swali tu. Mwaisha akatafuta bisibisi. Akatoa ubavu wa kasha, akaingiza tochi, akahesabu. Prosesa ilikuwa imefunikwa na feni lake, lakini nukta yake ilichungulia ukingoni. Mazabodi, ipo. Ramu, ipo. Hadi-diski, pawa saplai, kasha, zote zipo. Akafika kwenye kadi ya picha. Ilikuwa nyembamba. Haina bati la dhahabu. Haina nukta.

Damu ikampanda. Kwa hiyo ndivyo! Ile nzito, ya laki moja, imelala kwake usiku mmoja tu imegeuka ukoko! Hakufunga hata kasha. Alipanda pikipiki ya kijana mmoja wa jirani mpaka Msamvu, akaanza kupiga kelele kabla hajashuka.

"Mwizi! Mnyamwezi mwizi, njooni mwone!"

Watu wakajaa, wapiga debe, wauza maji, abiria wenye mizigo. Wakaona ni Mwaisha na Yeremia, wakaanza kucheka.

"Watani hao," mmoja akawaeleza wageni. "Leo Mluguru kaamka vibaya."

Yeremia akatoka, bisibisi sikioni, uso wote meno. "Nimeiba nini kwako, mtumwa wangu? Ngozi ya ndizi?"

"Umeniibia kadi!"

"Nimeiba, nimeila na ugali! Nilijua mtakuja kudai mkishamaliza kushuka mlimani na huo mguu mfupi!"

Kicheko. Mwaisha akapiga kelele zaidi, na kila alipopaza sauti watu walizidi kucheka. Akamwita jambazi, wakapiga makofi. Akasema atampeleka polisi, muuza maji mmoja akajitolea kuwa shahidi, akaanza kujifunga kamba mikononi. Mwanamke analia kwa uchungu, machozi yanamtoka kweli, na watu wanashika mbavu! Mwisho akamshika Yeremia kola ya shati.

"Sikutanii," akasema. "Nasema mbele ya watu hawa wote. Sikutanii. Wewe ni mwizi."

Kicheko kikakatika. Muuza maji akafungua kamba yake taratibu. Neno hilo halisemwi kwa mtani, na kila aliyekuwa pale alilijua, hata Mwaisha alilijua, ila hasira ilikuwa imeshalitoa.

Yeremia akamtoa mikono shatini. Akaingia ndani, akavuta droo, akatoa ile kadi ya dhahabu na nukta yake nyekundu. Pamoja nayo ilikuwemo tiketi ya basi la kesho.

"Inachemka," akasema, sauti ya chini. "Robo saa tu, picha inakatika mistari. Niliiona Jumanne usiku. Nimekutilia kadi yangu ili chumba kisilale, na kesho ningekwenda kuibadilisha hii. Nilijua nikikwambia kabla, utasema nimeiharibu mimi."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekaa chini akaomba maji. Lakini Mwaisha aliitazama tiketi akaona tiketi ya kutorokea. Mwizi akishikwa hakosi hadithi, akajiambia. "Nataka changu chenye alama yangu," akasema.

Yeremia akachukua bisibisi yake. Akamfuata Mji Mpya, akang'oa kadi yake, akapachika ile ya dhahabu, akafunga kasha, akaondoka. Kwa muda wote huo hakumtukana hata mara moja.

Kadi ikacheza dakika ishirini, halafu mistari ikaanza: mitatu, kumi, mpira wote ukapotea. Unadhani Mwaisha aliamini? Aliona ameharibiwa makusudi. Jumamosi akaitia kompyuta kwenye toroli akaipeleka kwa fundi mwingine wa Kihonda, ambaye aliipangusa kwa spiriti, akapokea elfu kumi, akasema imepona. Jumapili ikafa kabisa. Jumatatu na Jumanne foleni ilirudi Mafiga, na vijana wawili waliokuwa wamelipia mbele wakadai chao.

Jumatano akapanda basi kwenda Dar peke yake, kadi mkobani, risiti kifuani. Said akamkaribisha tena chai. Akaisoma risiti, akaguna.

"Siku saba zimepita, mama yangu. Leo ya tisa, na imeandikwa hapa."

"Mlipanga na yule fundi!" Mwaisha akamwambia. "Nyote mko pamoja!"

Said akashangaa, na safari hii mshangao wake haukuwa wa kibiashara. "Tupange nini? Yule kijana wako alinipigia simu Jumatano iliyopita. Alinigombeza, astaghfirullah, mimi sijagombezwa hivyo tangu madrasa. Akasema nimemwibia mama yake, kadi inachemka. Yakanishinda, nikamwambia ilete Jumamosi nikupe nyingine. Nimemwekea kadi juu ya meza hapa mpaka magharibi. Hamkuja. Jumapili nikaiuza."

Mwaisha hakunywa chai. Njia nzima ya kurudi alikuwa akitafuta kasoro kwenye maneno ya Said. Akayageuza upande huu na upande ule, kwa maana ndivyo alivyozoea, na hakupata hata uzi mmoja uliokatika. Mama yake. Yule mwendawazimu alimwita mama yake, mbele ya mtu baki, katika simu ya kulipia. Aibu ilimshika mpaka akafunika uso kwa kanga ndani ya basi.

Alishuka Msamvu akaenda moja kwa moja kibandani. Yeremia alikuwa ameinama kwenye kazi. Alipomwona akasimama, akapangusa kiti kwa mkono.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

Mwaisha nusura ageuke kutazama ni mama gani aliyeingia nyuma yake. "Nimetoka kwa Said," akasema. "Nimekosa, Yeremia. Nimekosa sana. Nisamehe."

"Nimeshasamehe, mama. Yamepita." Na aliposema hivyo alimaanisha, hata ukimtazama machoni kinyongo hukioni. "Kadi yangu ipo. Nitakuuzia kwa elfu sitini, na ufundi elfu tano. Kama ni nyingi, utalipa mara mbili."

Bei ilikuwa ya haki, chini kuliko haki. Mwaisha akatamani angetajiwa laki mbili na kuitwa mchawi.

Wakaenda Mji Mpya. Yeremia akapachika ile kadi nyembamba, akawasha, akaiacha saa nzima ikicheza huku amekaa, mikono magotini. Vijana wakaanza kujikusanya mlangoni, mmoja akakimbia kuwaita wenzake wa Mafiga. Mpira ukachezwa, jasho likatoka, hakuna mstari hata mmoja. Chumba kimepona, na Mkuyuni haendi mtu.

"Nifunge sasa, mama, au ungependa kwanza uitie alama?" Yeremia aliuliza. Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama fundi anavyomuuliza mteja.

"Funga," Mwaisha akasema. Halafu akajikaza, akashika kiuno, akatoa sauti yake ya siku zote. "Funga upesi, mpagazi wewe! Kichwa bapa! Hata hiyo skrubu unaibeba kichwani, utadhani umerithishwa!"

Vijana wakageuka, tayari kushangilia. Regina akaacha kugeuza mihogo. Mwaisha akangoja. Alikuwa ameacha nafasi kubwa kabisa, mguu mfupi, ndizi, ubahili, chochote, hata matusi ya kumgusa marehemu bibi yake angeyapokea.

Yeremia akatabasamu kidogo, kwa adabu, akakaza skrubu ya mwisho. Akafuta vumbi juu ya kasha. Kisha akatoa mfukoni kitabu kipya cha risiti na kalamu.

"Niandike jina gani, mama?"

"Mwaisha," akajibu. "Mwaisha Kondo."

Yeremia akaandika polepole, akachana karatasi, akampa kwa mikono miwili.